Injini Zikizimika Juu ya Bahari: Jaketi Hujazwa Mlangoni

Karibuni, watazamaji. Nililoshika ni jaketi la kuokolea maisha, la aina inayowekwa chini ya kiti cha abiria, na leo nataka mjue hasa ni wakati gani wa kuzivuta kamba hizi mbili nyekundu zinazolijaza gesi.

Ndege ya injini mbili ikizimikiwa na moja huruka kwa ile iliyobaki hadi kiwanja kinachofaa. Zikizimika zote haidondoki kama jiwe, bali huteleza hewani ikishuka. Agosti 2001, Airbus A330 iliyovuja mafuta juu ya Atlantiki iliteleza hivyo kwa takriban dakika 19 ikatua visiwa vya Azores, na watu wote 306 wakanusurika. Muda huo utumieni hivi.

Kwanza, vaeni jaketi kupitia kichwani, mkanda uzunguke kiuno na kukazwa mbele, lakini msilijaze. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaanguka majini karibu na ufuo wa Ngazija, kisiwa cha Komoro. Kati ya watu 175 walifariki 125, wakiwemo waliokuwa wamejaza majaketi yao ndani, maji yakawainua hadi darini wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Tazameni, navuta kamba: kifua kimejaa, kidevu kimesukumwa juu, na nikijaribu kuinama siwezi. Inaniuma kwamba watu walionusurika kishindo walizuiliwa na kifaa cha kuwaokoa.

Pili, hesabuni kwa kugusa safu za viti hadi mlangoni, kwa kuwa huenda mkatoka gizani. Kazeni mkanda wa kiti chini kwenye nyonga, inameni, na msiufungue mpaka ndege itulie kabisa, maana inaweza kugonga maji zaidi ya mara moja.

Tatu, acheni mizigo. Kabla mlango haujafunguliwa, achungulie mtu dirishani, kwani milango ya nyuma inaweza kuwa chini ya maji. Mkifika kizingitini, vuteni kamba, kisha ingieni kwenye boya, yaani mashua ya mpira ya kuokolea.

Mkikosa boya, kunjeni magoti kifuani na mkumbatiane kwa makundi ili joto lisipotee upesi. Msinywe maji ya bahari. Taa hii ndogo begani huwaka yenyewe ikilowa, na filimbi ya kuwaitia waokoaji iko hapa, upande wa pili.