Usianze na Pampu

Ndugu mafundi, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie majitaka yanayosafirishwa kwa shinikizo dogo, ule mfumo ambao kila nyumba ina tangi lake ardhini na pampu inayosaga. Mengi mtayakuta kazini, lakini moja nataka mlishike leo: ukiitwa kwa sababu pampu imegoma, usianze na pampu.

Tukumbushane kidogo. Bomba la kawaida la majitaka linategemea mteremko. Ardhi ikiwa tambarare, au mwamba ukiwa karibu, mtaro unaendelea kwenda chini mpaka fedha zinaisha. Kwenye mfumo huu mteremko hauna kazi. Pampu inasaga kila kilichoingia mpaka kinakuwa uji, kisha inausukuma kwenye bomba la milimita 32 au 40, nalo linauingiza kwenye bomba la mtaa. Bomba linafuata ardhi ilivyo, likipanda na kushuka.

Sasa hapo ndipo penye siri. Nyumba zote zinasukuma ndani ya bomba moja. Shinikizo linaloikabili pampu yako saa hii linategemea jirani wangapi nao wanasukuma. Kwa hiyo ving'ora, vile vinavyolia tangi likijaa kupita kiasi, vikilia nyumba tano kwa pamoja, tafuta kasoro barabarani. Kikilia kimoja, anzia kwenye hiyo nyumba.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nyumba moja niliibadilishia pampu mara mbili, na wiki chache baadaye king'ora kikalia tena. Kumbe koki ya mpakani, ile ya kuitenga nyumba na bomba la mtaa, ilikuwa imefungwa nusu tangu siku ya kwanza. Pampu zote mbili nilizozitoa zilikuwa nzima.

Ningekuwa na mita ya ampea siku ile, ile ya kupima umeme unaovutwa na pampu, na akili ya kuisoma, nisingefedheheka. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa wengi wanateleza. Kuna pampu za aina mbili. Ya kwanza ina chuma kilichosokotwa kama skrubu, kinachozunguka ndani ya mpira. Hiyo mbele pakizibwa inang'ang'ana, na ampea zinapanda. Ya pili inatumia impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji kwa kuzunguka. Hiyo ikizibiwa njia inazungusha maji yaleyale bila kuyapeleka popote, mzigo unapungua, na ampea zinashuka. Kizuizi ni kilekile, mita inasema kinyume! Asiyejua ana pampu gani mkononi ataona ampea chache na kusema mashine iko salama.

Ikiwa inanguruma bila kuzunguka, hapo nakubali, shaka iwe juu ya pampu yenyewe: kitambaa au pedi imekaba meno, au kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imekufa. Zile taulo nyevu za kufutia watoto, hata zikiandikwa kwamba zinafaa kutupwa chooni, ndizo zinazotulisha sisi mafundi. Ikiwa haiwaki kabisa, tazama breka ya umeme, kisha boya linaloiwasha pampu maji yakipanda. Mafuta ya jikoni yakiganda juu ya maji yanalishika boya lisipande, na pampu haipati habari kwamba tangi limejaa. Na ikiwa inazima halafu tangi linajaa tena wakati hakuna aliyefungua bomba ndani, valvu ya njia moja haifungi, unapokea majitaka ya majirani.

Upande wa kufunga mfumo nitaongelea kosa moja tu, kwa kuwa ni la gharama. Tangi tupu kwenye ardhi yenye maji ni mtumbwi. Tangi linalochukua nafasi ya lita 700 likizungukwa na maji linasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 700. Zege lina uzito wa kilo 2400 hivi kwa mita ya ujazo, lakini nalo likiwa majini linapoteza kilo 1000, unabaki na 1400. Basi hata kabla ya kuongeza ziada ya usalama, unahitaji nusu mita ya ujazo ya zege kwenye kitako. Watu hupiga hesabu ya zege kavu, mvua zikija tangi linaibuka na kukata mabomba yote. Mfuniko nao ubaki juu ya usawa wa ardhi, la sivyo pampu itakesha ikisukuma maji ya mvua.

Kabla hamjagusa chochote: zima umeme na ufunge swichi kwa kufuli, funga koki, na usiingize kichwa tangini. Gesi ya majitaka ikizidi, pua yenyewe inaacha kuisikia, ukadhani imeondoka.

Haya, hii hapa mezani ni ya aina gani, ya skrubu au ya impela? Nani ana spana tuifungue?