Gari la moshi la Bububu: lilikufaje, na likirudi lipite wapi

Assalaam aleikum jamani, nashkuru mmekuja. Leo ni reli, na vijana naona washaanza kucheka, reli Unguja? Ehe, Unguja, tena si moja. Mwanzo alikuwa nayo Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, kutoka mjini mpaka kasri yake ya Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu mpaka 1881 ilipoagizwa injini ya moshi Uingereza. Lakini ile ilikuwa yake mwenyewe, kafariki 1888 na reli ikang'olewa, mie siihesabu.

Ya watu ni ya Bububu. Waloijenga ni kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, na 1905 ishaanza kazi, maili 7 tu, kama kilomita 11 hivi, inaanzia hapo Ngome Kongwe, inakatisha Malindi, inaambaa na pwani mpaka Bububu. Mitaani lilikuwa linapita ubavuni mwa nyumba kabisa. Watu wa shamba wakilipanda kuja mjini, na wageni wa meli wakawekewa behewa lao la daraja la kwanza wakatembezwe (utalii haukuanza jana ati).

Sasa lilikufaje? Wengi wanadhani abiria walikosekana. Hapana, barabara ndo iloliua, ilitengenezwa sambamba na reli ileile, motokaa zikaja, na motokaa inasimama popote unapotaka, gari la moshi haliwezi hilo. Miaka ya 1920 abiria wakaachwa, ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari, baadae ikafa kabisa.

Alieshinda ndo huyu 502, daladala la Bububu mnalobanana nalo kila asubuhi, na sensa ya 2022 Mjini Magharibi peke yake ishafika karibu watu laki tisa, nani anaamini daladala zitatosha? Reli inawezekana, ila isirudi Forodhani, pale mbele ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000. Ianzie Kijangwani, nje ya Mji Mkongwe, na iwe na njia yake peke yake, hilo mie sibadilishi. Dar 2012 walianza treni ya mjini juu ya reli kuukuu ilokuwepo, sie hata pahala pa kuilaza hatuna, na kila mwaka tukingoja nyumba zinaongezeka na fidia inapanda. Pesa hazipo? Sawa, basi njia ichorwe sasa hivi kwenye ramani ya mipango miji, ujenzi ukatazwe, na kwa kuanzia yapite humo mabasi makubwa.

Haya, naona mikono ishapanda, anza wewe bibie wa mbele, maana nakujua unakaa Kibweni, njia hiyohiyo ya Bububu.