Mkaratusi kwao unakaa majini, kesi ni maji yanakuja mwezi gani

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Naanza na mti ambao kila mtu humu ndani ana kesi nao, mkaratusi. Nenda kijiji chochote utaambiwa ule mti unakunywa maji, umekausha chemchemi, umemaliza kisima cha bibi, na Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Sasa mmojawapo wa mikaratusi tuliyoipanda sana huku, ule wataalamu wanauita camaldulensis, kwao Australia ni mti wa bondeni, mafuriko yanaukuta umesimama, yanakaa miezi, yanaondoka, wenyewe upo tu. (Na hilo jina wala si la Australia, limetoka kwenye bustani moja ya Naples kule Italia, yaani mti umebatizwa ugenini.)

Msitu wa leo unaitwa Barmah-Millewa, uko huko huko Australia kwenye mto Murray, ng'ambo moja jimbo la Victoria, nyingine New South Wales. Ni hekta kama 66,000, hakuna msitu mkubwa wa mti huo zaidi ya huo duniani. Zamani sana ardhi ya pale iliinuka kwenye ufa unaoitwa Cadell, mto ukakutana na kizuizi ukageuka, na mpaka leo unapita kwenye koo jembamba wanaliita Barmah Choke. Maji yakizidi hilo koo yanamwagika msituni, ndio msitu ulivyokuwa unanyweshwa, kuanzia baridi yao ya Juni hivi mpaka Novemba, mvua na theluji za milimani zikishuka. Kiangazi cha Januari mto unapungua, msitu unakauka, kila mtu anapumua.

Halafu mwaka 1936 likamalizika bwawa la Hume kule juu, na hapo kalenda ikapinduliwa. Maji ya baridi yanafungiwa bwawani, kiangazi yanaachiliwa kwa ajili ya skimu za umwagiliaji, kwa hiyo mto unajaa wakati ulitakiwa uwe chini. Na kuna kitu kimoja pale kinanichekeshaga na kinaniudhi. Mkulima anaagiza maji, yanatoka bwawani, yanasafiri siku kadhaa njiani, kabla hayajafika mvua inanyesha shambani kwake, basi anasema siyataki tena. Ni kama umeagiza pilau ya watu 300 halafu unapiga simu kughairi sufuria liko jikoni! Yale maji hayarudi, yanafika kwenye koo, yanazidi, yanaingia msituni katikati ya kiangazi.

Mtu atasema si afadhali, msitu umepata maji ya bure. Hapana ndugu yangu. Angalia nyasi za Moira, zinazoota kwenye mbuga za wazi katikati ya msitu. Hizi zinataka maji ya kina cha nusu mita au zaidi, yakae miezi mitano na kuendelea, shina linarefuka likifuata maji juu mpaka mbuga nzima inakuwa kama mkeka unaoelea, halafu zinataka kiangazi kikavu kweli. Ukizipa maji kidogo ya Januari zinachoka, na tope lile lenye joto mbegu za mkaratusi zinalipenda kupita kiasi, miche inaota imebanana kama nywele, na mafuriko marefu ya kuizamisha hayapo. Kwa hiyo mbuga inaliwa na miti, sehemu nyingine na mmea mrefu unaofanana na matete, na kilichobaki wanakichunga farasi mwitu, ambao kila ukitaka kuwaondoa kuna watu wanaandamana.

Na maji yasiyoondoka kabisa nayo yanaua. Ziwa Mulwala, juu kidogo ya hapo, lilijazwa 1939, mikaratusi iliyozama mle bado imesimama mikavu mpaka leo kama nguzo za umeme.

Kwa hiyo kazi ya wasimamizi imekuwa kufungua na kufunga mageti ya kuingiza maji ya mto msituni. Maji yapo yaliyotengwa kwa ajili ya mazingira, hasa tangu Mpango wa Bonde la Murray-Darling wa 2012, ule wa kugawana maji ya mito ya huko, lakini ukikosea wiki mbili tu umeharibu, kwarara na yangeyange wakishataga halafu maji yakashuka chini ya viota wanasusa, wanaacha makinda. Watu wa Yorta Yorta, wenyeji wa pale, wanaijua hiyo kalenda kabla ya geti lolote. Kesi yao ya ardhi waliikosa 1998 na tena mahakama kuu kabisa 2002, ila hifadhi ya Barmah ilipotangazwa 2010 wakaingia kwenye usimamizi wake.

La mwisho, majani. Mkaratusi unadondosha majani na magome mengi sana, ukame ukiwa mrefu yanarundikana, halafu furiko la kwanza likija na joto, kama 2010, maji yanakuwa chai ya rangi, bakteria wanamaliza oksijeni, samaki wanakufa na kamba wa maji baridi wanapanda ukingoni wenyewe, wanatembea nchi kavu kutafuta pumzi. Ndio maana wanajitahidi kupitisha mafuriko madogo wakati wa baridi, majani yaoshwe taratibu kabla hayajawa lundo.

Haya maswali. Mzee wangu pale mbele, shikamoo, nimekuona mkono uko juu tangu nilipotaja kisima.