Kipimo Kwanza, Spea Baadaye
(Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa elektroniki, Kampala)

Ndugu mwenyekiti, walimu, na nyinyi mafundi mliotoka Jinja, Busia, Arua na hapa hapa Kampala, asanteni kwa kuja. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na nitakisema tena kwa sababu bado hakifuatwi: chombo cha zamani cha kupimia hakitengenezwi kwa kubahatisha.

Mnajua inavyokuwa. Osiloskopu, ile mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, inaletwa, tuseme Tektronix 465, kioo cheusi. Fundi anafungua kifuniko, anaona transista yenye sura ya kuchoka, anaing'oa, anaweka nyingine iliyotoka kwenye redio mbovu. Haikuwaka? Anang'oa ya pili. Mashine iliyoingia na ugonjwa mmoja inatoka na mitatu, miwili ameileta yeye. Halafu mwenye mashine anaambiwa, "Mzee, hii imezeeka." Haijazeeka! Hakuna aliyeipima.

Najua kuna kijana hapo nyuma anajiuliza kwa nini tusinunue za kisasa. Nunua, sikukatazi, zipo za bei nafuu na zinafanya kazi nzuri. Lakini ikifa, mchoro wake wa saketi utaupata wapi? Hiyo 465 ilitoka mwaka 1972, na kitabu chake cha ufundi kinapatikana bure kwenye intaneti: kila saketi imechorwa, volti za sehemu muhimu zimeandikwa, hata umbo la mawimbi unayotakiwa kuyaona limewekwa. Na mwanafunzi akiitengeneza moja mpaka mwisho, amepita kwenye pawasaplai, amplifaya, triga inayotuliza wimbi kwenye kioo, na volti kubwa za tyubu ya kioo hicho. Vyuo vyetu vina mashine hizi stoo, zimefunikwa vumbi, na wanafunzi wanafundishwa osiloskopu kwa picha ubaoni. Hilo linaniuma.

Basi tuanze panapopaswa kuanzwa: pawasaplai, sehemu inayogawa umeme kwa mashine nzima. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, pima laini zake, yaani njia za umeme zinazotoka humo. Kwenye 465 ni tano: volti 110, 55, 15, 5, na hasi 8. Andika ulichopata kwenye karatasi. Ukipima volti tu hujamaliza, angalia pia mtetemo ulioachwa na kapasita zilizokauka. Vitabu vya Marekani vitakuambia utafute hezi 120, kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60, na ukishageuzwa kuwa DC mtetemo huwa mara mbili. Wetu ni 50, kwa hiyo wewe tafuta 100.

Sasa tuseme laini ya 15 inasoma volti 0.3. Hakuna moshi, hakuna harufu, fyuzi nzima. Fundi wa kubahatisha atasema transista ya kudhibiti imekufa, na ataibadilisha bure. Inawezekana kabisa kwamba transista ni nzima na saketi yake inailinda, kwa sababu mbele yake kuna shoti. Zima, chomoa, acha kapasita zitoe chaji, kisha pima ukinzani kati ya laini hiyo na ethi. Ukipata omu moja au mbili, shoti ipo, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu: vile vitone vidogo vya rangi, ambavyo hupenda kufa siku mashine inapowashwa baada ya kulala stoo miaka mingi.

Lakini laini ile inazunguka bodi nzima, na vitone viko vingi. Utaving'oa vyote kimoja kimoja? Hapana. Chukua saplai ya mezani, iweke chini kidogo ya volti 0.5, ambapo silikoni bado haijafunguka, na uiwekee kikomo cha mkondo. Ingiza umeme huo kwenye laini. Mita iweke kwenye milivolti, ncha moja kwenye ethi, nyingine itembeze juu ya njia ya shaba. Milivolti zitashuka kadiri unavyokaribia shoti. Ukishaipita, hazishuki tena, kwa sababu huko mbele hakuna mkondo unaopita. Rudi nyuma kidogo, mshenzi wako yuko pale. Umetoa kapasita moja, na bodi haina kovu jingine. Weka mpya ya volti 35 badala ya 20, na uangalie chanya na hasi, maana tantalamu ikigeuzwa hulipuka usoni pako.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona. Lakini hili la ethi siliachi.

Nakuta osiloskopu ambazo waya wa ethi umekatwa ndani ya plagi. Ukiuliza, unajibiwa: "Nikipima saplai ya televisheni inapiga shoti." Ni kweli inapiga, kwa sababu klipu ya probu, ule waya wa kupimia, imeunganishwa na kasha la chuma la mashine, na kasha limeunganishwa na ethi. Sasa ukishakata ethi, ukabana klipu upande wa umeme wa ukutani, kasha zima la osiloskopu unayoishika linaweza kubeba zaidi ya volti 300. Huo si ufundi, ni mauti! Televisheni ndiyo iwekwe kwenye transfoma ya kutenganisha, inayoitenga na umeme wa ukutani, osiloskopu ibaki na ethi yake. Huna transfoma? Tumia probu mbili, chaneli ya pili igeuze, kisha jumlisha, kioo kitakuonyesha tofauti ya hizo mbili. Vitufe vya kazi hiyo viko hapo mbele ya mashine.

Mengine nayapitia haraka. Swichi ya kuchagua volti 115 au 230 iangalie kabla ya kuchomeka, mashine nyingi zimetoka Marekani. Swichi za mbele zinazokatakata zisafishwe kwa dawa yake, si kwa mafuta ya kula. Na vitabu vya zamani: volti nyingi humo zilipimwa kwa mita za omu 20,000 kwa volti, kama AVO 8, ambazo zinaivuta saketi chini kidogo. Mita yako ya dijitali ikisoma juu kuliko kitabu kwenye saketi yenye ukinzani mkubwa, usikimbilie kusema kuna ubovu.

Kuhusu kalibresheni nilikuwa na mengi, lakini muda umekwisha. Wanaohitaji cheti, UNBS, shirika la viwango la Uganda, wana maabara ya vipimo, waulizeni. Maswali?