Mafunzo na Matunzo ya Mbwa: Mambo Mawili Yasiyotenganika

Ndugu zangu, habari za mchana. Kwenye ratiba mada yangu imegawanywa sehemu mbili: mafunzo kwanza, matunzo baadaye. Mtaniwia radhi, nitayachanganya, kwa sababu mbwa mwenyewe hajui mpaka uko wapi. Mbwa asiyezoea kushikwa mguu hakatwi kucha. Kucha zikirefuka, anakanyaga kwa kurudisha uzito nyuma na anateleza kwenye sakafu laini. Akiteleza mara mbili tatu, anaanza kusita akiambiwa akae au alale. Mwenyewe anasema, "Huyu siku hizi amekuwa mkaidi." Wala si mkaidi. Mguu unamuuma.

Tuanze na mbwa wa kazi, maana huko ndiko kwenye imani nyingi za uongo. Wapo wanaowaongoza wasioona, wapo wanaowajulisha viziwi kwamba kengele ya mlango inalia au mtoto analia, na wapo wanaowaokotea vitu na kuwafungulia milango watu wa viti vya magurudumu. Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani shule ya The Seeing Eye ilianzishwa mwaka 1929. Tangu hapo hadi leo watu wanaamini kwamba mbwa ndiye anayejua njia na kwamba anasoma taa za barabarani. Hapana. Njia anaijua mtu. Mtu ndiye anayesikiliza magari na kuamua kuvuka. Kazi ya mbwa ni kukwepa vizuizi, pamoja na tawi lililoning'inia usawa wa kichwa cha binadamu ambalo yeye angelipita chini bila shida, kusimama kwenye ukingo wa barabara, na kukataa kwenda mbele iwapo gari linakuja. Kukataa huko ndiko ukaidi wa busara. Hufundishwa mwishoni, kwa sababu huwezi kumfundisha kuvunja amri mbwa ambaye bado hajazoea kuitii.

Hata hivyo, ukihesabu saa za mbwa msaidizi kwa siku, nyingi zinapita amelala chini ya meza au chini ya kiti, hafanyi lolote. Huo ndio ustadi mgumu kuliko yote, na ndio unaokosekana kwa mbwa wengi wa nyumbani. Kwa hiyo somo la kwanza, kwa mbwa wa kazi na kwa mbwa wako wewe, ni mkeka.

Kabla ya mkeka unahitaji neno la malipo, fupi, lisilotumika hovyo nyumbani. Wengine hutumia kifaa kidogo cha kubofya. Sema neno, mpe kipande cha chakula. Rudia mara 10 hadi 15 hadi utakapoona akilisikia anageuka kutafuta chakula. Kuanzia hapo neno hilo ni ahadi: ukilitamka, lazima ulipe. Na litamkwe ndani ya sekunde moja tangu afanye unachotaka. Ukichelewa sekunde tatu, mbwa ameshakaa, ameinuka na amegeuza kichwa, na wewe umelipia kugeuza kichwa. Kipande kiwe kidogo kama punje ya njegere, kimezwe bila kutafunwa. Somo liwe dakika 3 hadi 5, kabla ya mlo. Vipande hivyo vipunguzwe kwenye chakula chake cha siku, na visizidi sehemu moja ya kumi yake.

Sasa tandika mkeka. Akiukanyaga, sema neno, lipa. Akilala, sema neno, na chakula kiweke chini, katikati ya miguu yake ya mbele. Usimpe mkononi usawa wa uso, maana atautazama mkono na kuufuata juu. Mahali chakula kinapotua ndipo mbwa atakapobaki. Subiri sekunde 5, kisha 10, kisha rudi 3, kisha 15. Usipande kila mara. Mbwa akigundua kwamba kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita, anaacha. Akiinuka, usiseme kitu wala usimsukume chini. Ngoja arudi, anza na sekunde 2. Yako mambo matatu yanayoongeza ugumu: muda, umbali wako na vishawishi. Ongeza moja tu kwa wakati, na ukiliongeza hilo, yale mengine mawili yapunguze. Mbwa anayelala dakika 10 sebuleni si lazima aweze sekunde 10 kituo cha basi, na hilo si utovu wa adabu.

Nichukue sasa kazi moja ya mbwa wa kiti cha magurudumu niifungue yote: kuokota funguo. Mtu wa kawaida huzitupa chini na kusema "leta". Mkufunzi huanza kutoka mwisho. Hatua ya kwanza ni kuweka kitu kwenye kiganja, kwa sababu ndiyo hatua ambayo huharibika zaidi. Mshikie mbwa kijiti kilichofungwa kitambaa mbele ya mdomo. Akikigusa kwa pua, lipa. Akifungua meno, lipa. Akikishika nusu sekunde, lipa kabla hajakitema. Halafu sekunde 1, 2, 3, huku kiganja chako kikiwa tayari chini ya kidevu chake. Kisha ashike akiwa amesimama, kisha apige hatua moja kukufikia, kisha aokote kitu sakafuni. Funguo ziwe za mwisho, zimeviringishwa kitambaa, ambacho utakipunguza kidogo kidogo, maana mbwa wengi hawapendi chuma kugonga meno.

Kosa ninaloliona zaidi ni mbwa kutema kitu sentimita kumi kabla ya mkono. Sababu ni mbili. Ama neno la malipo lilitamkwa wakati anaokota, naye akaelewa kwamba kazi imekwisha pale alipookota. Ama mwenyewe anarusha mkono kunyakua, na mbwa anauogopa mkono. Dawa yake: kwa wiki nzima, kitu kikianguka sakafuni hakina malipo, kikigusa kiganja kina malipo, na mkono usisogee. Kwa mtu asiyeweza kuinama, kitu kilichotemwa mbele ya miguu ni sawa na kitu ambacho hakikuokotwa.

Kucha nazo zinafundishwa kwa utaratibu huohuo. Siku za kwanza shika mguu, lipa, achia. Kisha bonyeza kidole kimoja ukucha utokeze, lipa. Kisha gusisha mkasi wa kucha bila kukata, lipa. Kisha kata ukucha mmoja, funga duka kwa leo. Katika ukucha mweupe utaona mshipa wa rangi ya waridi, usiufikie. Ukucha mweusi ukatwe milimita moja moja huku ukitazama uso wa pale ulipokata: mwanzoni ni mkavu kama chaki, na ukiona katikati doa jeusi lenye unyevu, simama hapohapo. Damu ikitoka, kandamiza unga wa mahindi kwa dakika chache itakata. Mbwa akiuvuta mguu, uachie. Anayejua kwamba akikataa anasikilizwa, kesho atautoa mguu mwenyewe. Wanaowalalia mbwa watatu kwa mmoja ili wakate kucha wanashinda siku hiyo tu.

Ukaguzi wa mwili ni wa kila jioni, na hapa wasioona wanatushinda wenye macho. Hufanya kwa mikono na kwa pua, kwa njia ileile siku zote: masikio, kidevu, shingo, makwapa, tumbo, katikati ya vidole, chini ya mkia. Hapo ndipo kupe hujificha. Sikio lenye harufu ya chachu lina maambukizi. Nyayo zilizo moto upande mmoja tu zina jeraha au mwiba. Na mbavu zihisiwe chini ya ngozi bila kubonyeza; ukizitafuta kwa nguvu, mbwa amenenepa. Kuna utafiti uliowafuata mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote: kundi lililolishwa robo pungufu ya wenzao liliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Huruma ya sahani inayojazwa kila ikiisha inawagharimu sana.

Kwa watoto wa mbwa nitapita haraka. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo ubongo wao unapoamua kipi ni cha kawaida duniani: fimbo, mwavuli, kiti cha magurudumu, sauti ya lori. Chanjo za distempa na parvo, magonjwa ya virusi ya mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16; ya kichaa cha mbwa kwa kawaida kuanzia wiki ya 12. Msimfungie ndani mpaka chanjo zikamilike. Mbebeni mikononi, aone na asikie, miguu isiguse mahali mbwa wengine wanapojisaidia. Kuhusu haja, hesabu umri wake kwa miezi, jumlisha moja: hizo ndizo saa anazoweza kujizuia, na mchana mpelekeni nje mapema zaidi ya hapo, hasa akitoka usingizini, kula au kucheza.

Joto. Mbwa mzima ana nyuzi 38.3 hadi 39.2; ikipita 41 maisha yake yamo hatarini. Mbwa wa kazi hasimami mwenyewe kwa kuchoka, ataendelea mpaka aanguke. Weka kisogo cha kiganja juu ya lami kwa sekunde 7. Usipovumilia wewe, naye asitembee. Akizidiwa, mloweshe maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na safari ya kwa daktari wa mifugo ianze wakati huohuo. Taulo lililoloa lisiachwe limemfunika, linazuia joto kutoka.

Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, na sukari ya zailitoli iliyomo kwenye baadhi ya bazoka ni sumu kwa mbwa. Wenye paka, ongezeni mbili: parasetamoli, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, na dawa za viroboto za mbwa zenye pemethrini.

Swali lililoandikwa kwenye karatasi: kwa nini tusimsalimie mbwa aliyevaa mkanda wa kazi, hata kidogo? Kwa sababu ya hicho kidogo. Tabia inayolipwa mara moja moja kwa kubahatisha ndiyo ngumu kuliko zote kufutika. Wapita njia tisa wakimpuuza na wa kumi akamkuna sikio, atamjaribu kila mpita njia, na siku moja atafanya hivyo katikati ya kivuko. Ongea na mtu, si na mbwa.

Swali la mwisho: mbwa ananguruma mtoto akimkaribia akiwa anakula, apigwe? Asipigwe. Ngurumo ni onyo. Ukiliadhibu, unabaki na mbwa anayeuma bila kuonya. Mtoto akae mbali na sahani, na mtu mzima apite mara kwa mara kwa umbali ambao mbwa hashtuki, akidondosha kipande kitamu kuliko kilicho ndani, kisha aende zake. Umbali upunguzwe siku hadi siku, kwa kasi ya mbwa. Kama ameshauma na ngozi imechanika, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo. Nendeni na kadi yenyewe, daktari ataiuliza.