Je, Serikali Imewafukuza Wenye Mabasi Manchester?

Ndugu watazamaji, kila nikiwaonyesha mabasi ya njano ya hapa Manchester, swali linalokuja ni lilelile: je, serikali imewanyang'anya watu binafsi biashara yao? Nitajibu, ila nawaomba msiseme kwamba najisifia usafiri wa Uingereza, wala kwamba nalalamikia nchi inayonipa riziki.

Hakuna aliyefukuzwa. Kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986, chini ya Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985, kampuni yoyote yenye leseni nje ya London iliweza kusajili njia na kujipangia nauli, kwa matumaini kwamba ushindani ungeshusha bei. Lakini abiria aliyesimama kituoni hupanda basi linalotangulia kufika, hana muda wa kulinganisha nauli. Kwa hiyo kampuni zilishindana kutangulia, magari yakarundikana kwenye barabara zenye abiria wengi kama Wilmslow Road, na njia zisizolipa zikabaki zikisubiri ruzuku ya halmashauri.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilinunua tiketi ya mwezi ya kampuni moja, kisha kazini wakanihamishia upande unaohudumiwa na kampuni nyingine tu, nikawa nalipa mara mbili. Nilipoomba kurudishiwa fedha nilijaza fomu, nikapeleka barua ya mwajiri, ndipo nikajibiwa kwamba tiketi iliyokwisha kutumika hairudishiwi fedha, jambo ambalo lingeweza kuandikwa juu ya fomu yenyewe.

Kati ya Septemba 2023 na Januari 2025, mamlaka ya Greater Manchester, yaani mkoa wa Manchester na miji jirani, ilichukua hatua kwa hatua upangaji wa njia, ratiba na nauli, kama London ilivyokuwa ikifanya siku zote. Kampuni binafsi bado zinaendesha mabasi, ila sasa zinashindania zabuni badala ya kukimbizana barabarani. Nauli inaingia kwa mamlaka, na abiria wakipungua, hasara pia ni yake. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu wazabuni wakiwa wachache bei ya mikataba itapanda, na pengo hilo litazibwa kwa fedha za umma, yaani pamoja na kodi yangu.

Kwa wanaouliza wanunue tiketi gani wakifika: mimi, kwa kuwa zamu zangu hubadilika kila wiki, nalipa kwa siku. Mwenye zamu za kudumu apige hesabu zake mwenyewe, asije akanidai tofauti.