Kikao Kikiisha, Jeraha Limeshafifia

Mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wa mashina, kina mama wa vikoba, na nyie vijana wa bodaboda mliosimama nyuma kama mnaondoka, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie ukatili majumbani. Mimi ni msaidizi wa kisheria tu, kwa hiyo nitazungumzia karatasi moja: PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Ukipigwa, unaichukua polisi, unaipeleka hospitali, daktari anajaza anachokiona, unairudisha kituoni. Anachokiona, jamani, si anachosimuliwa.

Kuna mama alinijia amejitanda kanga mpaka kidevuni. Akasema kateleza bafuni. Kanga ilipolegea nikaona alama za vidole shingoni, nne upande huu, moja upande ule. Sikubishana naye, nikampa maji. Mwishowe alikubali kwenda kituoni, akapewa fomu siku hiyohiyo.

Akiwa njiani kwenda hospitali, simu ikaita. Shemeji yake mkubwa. "Usituaibishe, shemeji, subiri tukae kikao." Akasubiri. Mara baba mdogo hajafika kutoka Kilosa, mara kuna msiba. Siku ya tisa alirudi kwangu, akafungua fundo la kanga, akatoa ile PF3 imekunjwa mara nne. Sehemu ya daktari tupu. Shingo nayo imetakata. Daktari angeandika nini?

Na kikao kilikaa, msidhani hakikukaa. Mume aliomba radhi, akatozwa Sh50,000 na doti ya kanga. Mke naye akaambiwa apunguze mdomo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. 1971! Wengi hapa hatujazaliwa. Ila kifungu chenyewe hakitaji adhabu, kwa hiyo mpigaji hushtakiwa kwa shambulio chini ya Kanuni ya Adhabu, na huko hakimu anataka ushahidi. Majirani walioongeza sauti ya redio usiku ule hawaendi mahakamani. Inabaki ile karatasi.

Kina baba msichangamke, lakini hili nalo niliseme. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 58 katika kila 100 wanaona mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume walikuwa 40. Basi shangazi anapoitwa kikaoni, msidhani lazima amekuja kumtetea binti.

Mzee mmoja aliwahi kunibana kwamba hata sheria inataka usuluhishi. Kweli, ukidai talaka unapitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Lakini hiyo ni talaka. Kukabwa shingo ni jinai. Wazee, sisemi msikae. Kaeni, ila fomu ikishajazwa. Na ukifika kituoni, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usiishie kaunta. Kaunta bado utamkuta askari wa "nendeni mkayamalize nyumbani".

Mjumbe mmoja ameniuliza kabla sijasimama: baba akifungwa, watoto watakula nini? Ni swali la haki, na wanaolidharau hawajawahi kulala na mtoto mwenye njaa. Yule mama aliniuliza hilohilo. Nikamwambia mahakama inaweza kuamuru matunzo bila mtu kufungwa, na inaweza kumkataza mume kumbughudhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunja fomu yake, akairudisha kwenye fundo la kanga.

"Siku nyingine," akaniambia, "simu nitaizima."

Hakusema ikitokea. Alisema siku nyingine.

Mwenyekiti, naona mkono kule nyuma.